Dhahabu ya Sekenke: kito kimebaki, mji umenyamaza



Msimu wa harusi ukiingia visiwani kwetu, masuala ya dhahabu huwa mawili: karati ngapi na gramu ngapi? Ni nadra kuulizana imechimbwa wapi, na waliokuwa wakiimiliki zamani wameishia wapi. Leo tunakwenda bara, upande wa Tabora, kuifuata dhahabu moja yenye kisa.

Wanaosafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Nzega wanaujua mlima wa Sekenke kwa kona zake. Jina hilo ndilo la mgodi wa Iramba ulioanza kuchimbwa mwaka 1909, enzi za Wajerumani, ukawa mgodi mkubwa wa dhahabu katika koloni lao. Palikuwa na mitambo, wafanyakazi na pilika za kila siku. Waingereza waliuchukua baada ya vita, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kazi ya kampuni ilikuwa imekwisha. Mji unaoishi kwa mgodi hupungua mgodi unapofungwa: mshahara ukikatika, duka hufungwa na familia huhama. Waliobaki kuitafuta riziki katika miamba ile ni wachimbaji wadogo.

Lakini dhahabu yake ilikwishasafiri. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilizuia meli kufika pwani ya Wajerumani, na sarafu kutoka Ulaya hazikuja tena. Serikali ikahamia Tabora, mji ambao wazee wetu wa Unguja waliujua kwa misafara ya pembe za ndovu kabla ya reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, kisha ikapita Kaliua na Usinge, ikafika Kigoma mwaka 1914. Basi kwa mafundi na vifaa vya reli, sarafu zikatengenezwa huko huko. Za shaba nyeupe kwa nyekundu zilitokana hata na maganda ya risasi. Za dhahabu zilitokana na dhahabu ya Sekenke.

Sarafu hiyo ya mwaka 1916 ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja ana tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima; upande wa pili tai wa Kijerumani. Ina pia herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na ni karati 18, kama bangili nyingi za madukani.

Hazikudumu mikononi mwa waliozitengeneza. Mwisho wa Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, na sehemu ya jeshi lao ikaja mashariki kwa kuifuata reli hiyo ya Usinge. Tarehe 19 Septemba Tabora ilikuwa mikononi mwao. Serikali iliyopiga chapa ya tai ikaondoka. Mgodi nao baadaye ukanyamaza. Tembo wa dhahabu yupo mpaka leo, wakusanyaji wa sarafu wanamtafuta kwa bei kubwa.

Dada zetu, hapa ndipo kisa kinapotugusa. Dhahabu haichakai, anayechakaa ni mwenye nayo. Itakayobaki nasi ni haki tuliyoitoa ndani yake.

Tuifanyie hesabu sarafu hii. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, takriban gramu 85 za dhahabu safi. Karati 18 maana yake robo tatu tu ndiyo dhahabu, kwa hiyo sarafu moja ina gramu 5.4 hivi. Aliyeweka sarafu 16 amefika nisabu, na mwaka wa Hijria ukitimia anatoa robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5.

Na mapambo ya bi harusi? Katika madhehebu ya Shafii tunayoifuata wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba pambo la halali la kuvaliwa kwa kiasi cha kawaida halina zaka, Mahanafi wanaliwajibishia. Lakini sarafu, vipande, na dhahabu uliyoinunua kuwa akiba ina zaka ikifika nisabu. Kwa hiyo bi harusi, mahari yako ukipewa kwa dhahabu, ni mali yako mwenyewe: ipime, andika gramu na karati, weka risiti ya sonara, na utenge mapema cha kuvaa na cha akiba. Penye utata, muulize sheikh wako ukiwa na hesabu mkononi.

Sura ya At-Tawba imewaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila ya kutoa katika njia ya Allah. Sekenke ilitoa dhahabu nyingi, na waliojiona wenyewe wameiacha yote. Allah atujaalie mali yenye baraka, ndoa zenye utulivu, na mikono isiyozuia haki. Amin.