The Deer Hunter (filamu ya 1978)

The Deer Hunter (yaani "Mwindaji wa Kulungu") ni filamu ya tamthilia ya vita iliyotolewa mwaka wa 1978 nchini Marekani. Iliongozwa na Michael Cimino na muswada wake uliandikwa na Deric Washburn. Inasimulia habari za marafiki wanaofanya kazi katika kiwanda cha chuma mjini Clairton, jimbo la Pennsylvania. Watatu kati yao wanakwenda kupigana katika Vita vya Vietnam, na hakuna hata mmoja anayerudi kama alivyoondoka.

Filamu ina urefu wa saa tatu na dakika chache. Ilishinda Tuzo tano za Akademi (Oscar), ikiwemo ile ya Filamu Bora. Hata hivyo, tangu ilipotolewa imewagawa watazamaji. Wapo wanaoihesabu miongoni mwa filamu bora kabisa kuhusu urafiki na vita, na wapo wanaosema imewasingizia watu wa Vietnam. Si ajabu kumkuta mtazamaji mmoja akikubali maneno yote mawili.

Neno "kulungu" limetumika hapa kwa mazoea tu. Mnyama anayewindwa katika filamu ni yule wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Wasomaji wa Zaburi katika Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union wanamfahamu kwa jina la ayala.

Hadithi

Mike (Robert De Niro), Nick (Christopher Walken) na Steven (John Savage) ni vijana wa jamii ya Waorthodoksi wenye asili ya Urusi. Wanakaribia kwenda vitani, na kabla ya kuondoka Steven anamwoa Angela, ambaye tayari ana mimba isiyo yake. Harusi hiyo inaonyeshwa kwa kirefu: taji za maarusi kanisani, ngoma, ulevi, ugomvi. Maarusi wanapewa kikombe cha pamoja, na inaaminika kwamba wakimaliza divai bila kumwaga watakuwa na bahati maisha yote. Matone mawili yanaanguka juu ya gauni jeupe bila wao kuyaona. Usiku huohuo Nick anamwahidisha Mike kwamba lolote likitokea hatamwacha huko ng'ambo.

Kesho yake marafiki wanakwenda kuwinda milimani. Mike ana kanuni yake: mnyama auawe kwa risasi moja, la sivyo asiguswe. Jioni wanarudi katika baa ya rafiki yao John, naye anapiga piano, na wote wananyamaza. Picha inayofuata ni kijiji kinachoungua Vietnam.

Watatu hao wanakamatwa na kufungiwa chini ya kibanda kilicho juu ya mto. Walinzi wanawalazimisha mateka kucheza ruleti ya Kirusi huku wao wakiwekeana dau. Katika mchezo huo risasi moja huwekwa ndani ya bastola, mzinga wa risasi huzungushwa, kisha mchezaji hujielekezea mdomo wa bastola kichwani na kufyatua. Wanafanikiwa kutoroka, lakini baada ya hapo kila mmoja anakwenda njia yake. Steven anapoteza miguu. Nick anapotelea katika mapango ya kamari ya Saigon, akicheza mchezo uleule kwa fedha. Mike anarudi Clairton, anaiona karamu aliyoandaliwa, na kumwambia dereva wa teksi apitilize.

Mike anapokwenda tena kuwinda anampata mnyama mbele ya bunduki yake na kumwacha aende zake. Baadaye anagundua kwamba Steven, aliyelazwa katika hospitali ya maaskari, anapokea fedha nyingi kutoka Saigon. Anaelewa kwamba Nick yu hai, naye anarudi kumtafuta wakati mji huo unaanguka, Aprili 1975. Anamkuta, lakini Nick hamtambui. Mike anaketi mbele yake mezani na kucheza naye ili amrudishie kumbukumbu. Nick anakumbuka ile risasi moja, anatabasamu, anafyatua na kufa. Filamu inaisha baada ya mazishi, marafiki waliobaki wakiwa katika baa ya John, wakiimba wimbo wa kizalendo "God Bless America" kwa sauti za chini.

Utengenezaji

Chanzo cha filamu ni muswada wa Louis Garfinkle na Quinn K. Redeker uitwao "The Man Who Came to Play", uliohusu watu wanaokwenda Las Vegas kucheza ruleti ya Kirusi. Vietnam haikuwemo. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayefuatilia mabishano yaliyoelezwa hapa chini, kwa kuwa mchezo wa bastola ulitangulia na vita vikafuata.

Sehemu za Vietnam zilipigwa Thailand, na Bangkok ikatumika badala ya Saigon. Harusi ilipigwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theodosius mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Milima ya mawindo ni ya jimbo la Washington, upande wa pili wa Marekani. Wenyeji wa Pennsylvania hawajaacha kutania kwamba hakuna barabara inayomfikisha mtu wa Clairton kwenye vilele kama vile kwa safari ya siku moja.

Picha zilipigwa na Vilmos Zsigmond. Muziki unaokumbukwa zaidi, "Cavatina", ni utunzi wa Stanley Myers, na gitaa limepigwa na John Williams wa Australia, ambaye si yule mtunzi wa Marekani mwenye jina hilohilo. John Cazale, aliyeigiza kama Stan, alikuwa na saratani ya mapafu wakati wa upigaji picha na alifariki Machi 1978 kabla filamu haijaonyeshwa. Chuck Aspegren, aliyeigiza kama Axel, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi halisi wa chuma.

Tuzo na maandamano

Mhakiki Roger Ebert aliipa filamu nyota nne, kiwango chake cha juu, na Vincent Canby wa The New York Times aliisifu. Pauline Kael wa The New Yorker alichanganya sifa na lawama. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 15 iliingiza karibu milioni 49 Marekani.

Katika Tamasha la Filamu la Berlin la 1979 ujumbe wa Kisovyeti ulijiondoa kwa kupinga jinsi Wavietnam walivyoonyeshwa, na nchi nyingine za kisoshalisti zikaufuata. Tarehe 9 Aprili mwaka huohuo, wakati tuzo za Oscar zinatolewa Los Angeles, maaskari wastaafu waliopinga vita waliandamana nje ya ukumbi na baadhi yao wakakamatwa. Ndani, John Wayne aliyekuwa mgonjwa sana alitangaza The Deer Hunter kuwa Filamu Bora. Cimino alipata tuzo ya Mwongozaji Bora, Walken ya Mwigizaji Bora Msaidizi, na filamu ikapata pia tuzo za uhariri na sauti. Meryl Streep, aliyeigiza kama Linda, aliteuliwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Maoni ya watazamaji

Lawama nzito zaidi inahusu ruleti. Peter Arnett, mwandishi wa habari aliyeripoti vita vile kwa miaka mingi, aliandika kwamba hakukuwa na ushahidi wowote wa mateka kulazimishwa kucheza mchezo huo. Watetezi, akiwemo Ebert, hujibu kwamba ni ishara: kijana anapelekwa mbali, anashikishwa bastola, na kufa au kupona kwake ni bahati nasibu. Jibu hilo lina nguvu, ila halimalizi shauri. Ishara hiyo imekabidhiwa mikononi mwa Wavietnam peke yao, nao hawana majina wala historia. Wapinzani wamekumbusha picha maarufu ya Eddie Adams ya Februari 1968, ambamo jenerali wa Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani, anampiga mateka risasi ya kichwa barabarani Saigon. Katika filamu, bastola imehamishiwa upande wa pili. Kuna mateso mengi ya kweli yaliyotokea katika vita vile, na raia wa Vietnam waliobeba sehemu kubwa ya mateso hayo karibu hawaonekani.

Lawama ya pili ni urefu wa harusi, maana zaidi ya saa nzima inapita kabla ya kufika vitani. Mtazamaji wa mara ya kwanza hushawishika kuiruka, naye akifanya hivyo atakuwa amejinyima filamu yenyewe. Katika harusi ile tunajifunza nani anampenda nani, nani ni mwoga, nani husahau viatu vyake kila safari ya mawindo. Bila mambo hayo, kiti kitupu katika baa ni kiti tu. Wengi walioitazama tena wakiwa watu wazima husema kwamba walichokikumbuka kutoka ujanani ni bastola, lakini kilichowagusa safari hii ni teksi inayopita nyumba bila kusimama. Sehemu hiyo haina damu wala kelele, na pengine hakuna sehemu iliyo ya kweli kuliko hiyo kuhusu askari anayerudi kwao.

Mwisho wa filamu nao haujapatanisha watu. Wapo wanaousikia wimbo ule kama kuihalalisha vita, na wapo wanaousikia kama kejeli. Cimino alishikilia kwamba filamu yake si ya kisiasa. Anayewatazama waimbaji zaidi ya kusikiliza maneno ataona kwamba John anaanza kwa kuguna-guna akiwa jikoni, akipika mayai huku akijizuia kulia, na wenzake wanadakia kwa sababu hawana la kusema.

Mwaka wa 1996 filamu iliingizwa katika Rejista ya Kitaifa ya Filamu ya Marekani, inayohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Cimino alifariki Julai 2016.