Kutoka Tasnifu hadi Makala: Kuandaa Muswada wa Jarida la Utafiti wa Afya

Muswada wa jarida la afya ni taarifa ya utafiti mmoja, iliyoandikwa ili mtu ambaye hakuwepo utafiti ulipofanyika aweze kuiamini, au kuikataa kwa hoja. Afrika Mashariki miswada mingi hutokana na tasnifu za uzamili: daktari, muuguzi au mfamasia amemaliza masomo, ana kitabu cha kurasa themanini au mia kabatini, na msimamizi wake anamsukuma akichapishe. Jarida kwa kawaida linataka maneno kama 3,000 hadi 4,000, pamoja na majedwali na michoro isiyozidi mitano au sita.

Wengi huanza kwa kufupisha, na hapo ndipo kazi inapokwama. Tasnifu huandikwa ili mtahini aridhike kwamba mwanafunzi amesoma na ameiva. Msomaji wa jarida hana haja ya kujua hayo. Anataka kujua kilichoulizwa, kilivyotafutwa na kilichopatikana. Sura nzima ya mapitio ya maandishi inageuka aya tatu au nne. Fasili za istilahi, ramani ya wilaya na nadharia elekezi huondoka, isipokuwa pale ambapo matokeo hayaeleweki bila hizo. Malengo mahususi manne au matano yanabaki swali moja. Maswali mawili yanayojitegemea yanaweza kuzaa makala mbili, lakini kuyakatakata matokeo yaleyale vipande vidogovidogo ili orodha ya machapisho irefuke ni jambo ambalo wahariri hulitambua upesi na hulichukia.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chagua jarida. Swali la kujiuliza ni nani anapaswa kusoma matokeo haya. Utafiti wa vyandarua katika kata tatu una wasomaji katika Malaria Journal. Uchunguzi wa huduma katika hospitali za wilaya unaweza kufaa zaidi Tanzania Journal of Health Research, linalochapishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), au East African Medical Journal, au Pan African Medical Journal. Soma makala mbili tatu za karibuni za jarida lenyewe, kisha usome maelekezo kwa waandishi neno kwa neno. Urefu wa ikisiri, mtindo wa marejeo na aina ya faili hutofautiana, na muswada unaoyapuuza unaweza kurudishwa siku hiyohiyo bila mtu kuusoma.

Ada nayo iulizwe mapema. Majarida mengi ya ufikiaji huria humtoza mwandishi, wakati mwingine kiasi kinachozidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Wachapishaji wengi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi kutoka nchi zilizo katika makundi ya mpango wa Research4Life, lakini kwa kawaida ombi hupelekwa pamoja na muswada. Ukisubiri makala ikubaliwe, huenda mlango umefungwa. Kuhusu majarida ya kitapeli, barua pepe inayokusifu kwa jina, kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache na kuuliza malipo kabla ya kuuliza utafiti inatosha kukukimbiza. Angalia kama jarida limo katika orodha za majarida za DOAJ au AJOL, halafu muulize mkutubi wa chuo. Wakutubi wanayajua mambo haya kuliko maprofesa wengi.

Umbo la makala linalotumika leo, yaani utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, lilienea katika karne ya 20. Januari 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana jinsi miswada inavyopaswa kuandaliwa; masharti yao yalichapishwa mwaka 1979. Kundi hilo likakua na kuwa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ambayo hadi leo husahihisha mapendekezo yake mara kwa mara. Ndiyo maana marejeo yanayopewa namba kwa kufuata mpangilio wa kutajwa huitwa mtindo wa Vancouver.

Mpangilio wa kusoma si lazima uwe mpangilio wa kuandika. Anza na majedwali, kwa kuwa ndiyo yanayobeba madai yote ya makala. Tuchukue mfano wa kubuni. Wajawazito 400 wamehojiwa kuhusu wiki waliyoanza kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12 kwisha. Waliochelewa ni 184. Sentensi ya matokeo haitakiwi kusema "karibu nusu ya wanawake walichelewa." Iseme: wanawake 184 kati ya 400 walichelewa, sawa na asilimia 46.0, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia 41.1 hadi 50.9. Wigo huo humwonyesha msomaji usahihi wa makadirio, na kumfungulia njia ya kuyalinganisha na tafiti nyingine.

Sasa tuwagawe kwa umbali. Wanaoishi zaidi ya kilomita 5 kutoka kituoni ni 150, na kati yao 87 walichelewa. Wanaoishi karibu ni 250, na waliochelewa ni 97. Mwandishi asiye mwangalifu atagawanya kwa idadi ya waliochelewa: 87 kwa 184 ni asilimia 47.3, na 97 kwa 184 ni asilimia 52.7. Kisha ataandika kwamba wanaokaa karibu ndio wanaochelewa zaidi. Hesabu zake ni sahihi, na maana yake imepinduka. Kinachotakiwa ni kugawanya kwa kila kundi: asilimia 58.0 ya wa mbali walichelewa, na asilimia 38.8 ya wa karibu. Kosa hili ni la kawaida mno, nalo hupita kwa sababu programu ya takwimu hutoa asilimia yoyote inayoombwa bila kuuliza.

Mtego wa pili uko hatua moja mbele. Programu itatoa uwiano wa odi, yaani waliochelewa kwa wasiochelewa katika kila kundi, 87 kwa 63 ikilinganishwa na 97 kwa 153, ambao ni 2.18, na wigo wa uhakika kuanzia 1.44 hadi 3.29. Mara nyingi utasoma kwamba wanaoishi mbali "wana uwezekano mara mbili zaidi wa kuchelewa." Linganisha asilimia zenyewe: 58.0 kwa 38.8 ni 1.49. Tofauti ipo na ni kubwa, ila haifiki mara mbili. Jambo linapokuwa la kawaida katika jamii, kama hapa ambapo linawapata karibu nusu ya watu, odi hukuza tofauti. Ama toa uwiano wa asilimia, ama toa odi na uziite odi. Na kwa kuwa wanawake walihojiwa mara moja tu, umbali "unahusiana" na kuchelewa; neno "unasababisha" halina tegemeo katika utafiti wa aina hiyo.

Majedwali yakishatulia, sehemu ya mbinu huandikika kwa urahisi, kwani kila namba inadai maelezo yake. Sampuli ilikokotolewaje? Washiriki walichaguliwaje, wangapi walifuatwa, wangapi walikataa? Dodoso lililotumika kwa Kiswahili lilitafsiriwa na nani, likarudishwa katika lugha ya asili na mtu mwingine, na likajaribiwa wapi? Katika tafiti zetu hatua hii hufanyika vizuri, kisha ikasahaulika kuandikwa. Umbali ulipimwa kwa ramani au kwa makisio ya mhojiwa? Ipo miongozo inayosaidia kutosahau: STROBE ya mwaka 2007, yenye vipengele 22, kwa tafiti za uchunguzi, CONSORT kwa majaribio ya tiba, ambayo toleo lake la mwaka 2025 lina vipengele 30, na PRISMA ya mwaka 2020, yenye vipengele 27, kwa mapitio ya kimfumo. Majarida mengi hutaka orodha hiyo ijazwe na kuambatishwa, ikionyesha ukurasa wa kila kipengele. Ni vyema kuijaza ukiwa bado unaandika; ikijazwa usiku wa kutuma huwa ni kupiga alama za vema tu.

Kibali cha maadili kina mahali pake maalumu mwishoni mwa mbinu: jina la kamati, namba ya kibali na namna ridhaa ilivyopatikana. Kwa Tanzania Bara kuna jambo jingine. Cheti cha maadili cha NIMR hubeba masharti, na mojawapo ni kwamba matokeo yasichapishwe bila ruhusa yake. Barua ya kuomba ruhusa iandikwe mara rasimu inapokamilika, kwa maana majibu huchukua muda. Kwa majaribio ya tiba kuna sharti lisilorekebishika baadaye. Wahariri wa ICMJE walitangaza kwamba majaribio yanayoanza kuandikisha washiriki baada ya Julai 1, 2005 lazima yawe yamesajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia. Barani Afrika ipo sajili ya PACTR, Cape Town. Aliyesahau kusajili akijaribu kufanya hivyo wakati wa kuandika makala, amechelewa.

Orodha ya waandishi huvunja urafiki kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. ICMJE inaweka masharti manne, na mwandishi lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kuhakiki muswada kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetoa gari, au bosi ambaye hajawahi kufungua faili, anastahili shukrani mwishoni mwa makala, si jina juu yake. Kumwambia mkubwa hivyo ni kazi ngumu katika mazingira yetu, ambako heshima ya cheo na umri ina uzito wake, na sidhani kama kuna kanuni ya Vancouver inayoipunguza. Njia yenye nafuu ni kukubaliana kwa maandishi mapema, data ikiwa bado haijakusanywa, nani ataandika nini na jina la nani litatangulia.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni watafiti wa kigeni wanaochukua sampuli Ifakara au Kisumu na kuchapisha bila jina la mwenyeji. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health liliandika tahariri kali dhidi ya utafiti wa namna hiyo. Mwenyeji aliyekusanya data ana haki ya kudai nafasi ya kuandika, maana bila kuandika hatimizi sharti la pili, na hapo huachwa nje kwa kisingizio cha kanuni.

Mjadala huanza na matokeo makuu kwa sentensi moja au mbili, ukifuata ulinganisho na tafiti nyingine, udhaifu wa utafiti, kisha maana yake kwa huduma. Udhaifu usiandikwe kama sala ya kujinyenyekeza. Ukisema sampuli ilitoka kliniki pekee, eleza pia kwamba wasiofika kliniki kabisa hawamo, na kwa hiyo hali halisi kijijini huenda ni mbaya zaidi ya asilimia 46. Ikisiri na kichwa viandikwe mwisho. Baada ya hapo chukua kila namba iliyo kwenye ikisiri na uifuate hadi matini, hadi jedwali, hadi mjadala. Rasimu ya zamani ilikuwa na 46.5, mpya ina 46.0, na mahali fulani ile ya zamani bado imejificha.

Marejeo yaachiwe programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, lakini kila chanzo kifunguliwe na kusomwa. Hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu programu za akili unde hubuni marejeo yanayofanana kabisa na ya kweli. Kuzitumia kunyoosha Kiingereza kunaruhusiwa na majarida mengi, mradi utaje. Tangu mwaka 2023 ICMJE imesema wazi kwamba haziwezi kuwa waandishi, kwani haziwezi kuwajibika. Kabla ya kutuma, kagua faili lenyewe pia: jarida linaloficha majina ya waandishi kwa wahakiki litataka majina yaondolewe hata kwenye taarifa za ndani ya faili.

Barua kwa mhariri itoshe ukurasa mmoja: makala inasema nini, kwa nini inawafaa wasomaji wake, na kwamba haijatumwa kwingine. Ahadi hiyo ya mwisho hufunga. Muswada huwa kwenye jarida moja kwa wakati, na anayechoka kusubiri anapaswa kuomba rasmi kuuondoa kabla ya kuupeleka kwingine. Maoni ya wahakiki yakirudi, nakili kila hoja, andika jibu chini yake, na taja ukurasa na mstari uliobadilishwa. Mhakiki akikosea, mweleze kwa ushahidi kwa nini hukubadilisha. Wahariri huheshimu kukataa kwenye sababu. Muswada ukikataliwa moja kwa moja, maoni yale yarekebishwe hata hivyo kabla ya kwenda jarida la pili, kwa sababu wataalamu wa fani ndogo ni wachache na huenda mhakiki yuleyule akatumiwa tena. Na jina la mhariri wa kwanza lifutwe kwenye barua.