Rupia mbili za Bahari Hindi: Zilivyoanza sawa kisha zikaachana

Rupia ya Mauritius na rupia ya Ushelisheli ni sarafu zenye jina moja na asili moja. Kwa miongo kadhaa zilikuwa na thamani sawa. Kati ya 2022 na 2024, hata hivyo, rupia 1 ya Ushelisheli ilikuwa sawa na rupia 3 na ushei za Mauritius.

Anayetazama tarakimu hizo pekee huenda akadhani kuwa Ushelisheli ndiyo iliyofaulu na Mauritius ikashindwa. Historia ya sarafu hizo yaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Asili moja

Visiwa vya nchi hizo mbili vilikabidhiwa Uingereza rasmi kwa Mkataba wa Paris wa 1814. Ushelisheli ilitawaliwa kutoka Mauritius hadi 1903, ilipofanywa koloni mbali.

Mauritius ilikuwa na biashara kubwa na India, na vibarua wengi wa mashamba yake ya miwa walitoka huko. Kwa sababu hiyo, mnamo 1877 rupia ilifanywa fedha halali ya koloni hiyo. Hilo si geni kwa Wakenya, kwani Mombasa na Nairobi pia zilitumia rupia kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Ushelisheli ilitoa noti zake za kwanza mnamo 1914, na sarafu zake za madini mnamo 1939. Tangu 1934, rupia ya Mauritius ilikuwa imefungamanishwa na pauni ya Uingereza kwa kiwango cha shilingi 1 na peni 6, yaani rupia 13 na thuluthi moja kwa pauni. Rupia ya Ushelisheli ilifuata kiwango hicho hicho.

Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni mnamo Novemba 1967, rupia zote mbili zilishuka pamoja nayo, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania zilikataa kuifuata.

Njia zaachana

Utengano ulianza Januari 1976. Mauritius, iliyokuwa imepata uhuru mnamo 1968, iliachana na pauni na kuifunga rupia yake kwa SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha Duniani, IMF. SDR moja ilikuwa sawa na rupia 7.71.

Mzigo wa kununua bidhaa za nje ulipozidi mapato, Mauritius ilipunguza thamani ya rupia mara mbili. SDR ilipanda hadi rupia 10 mnamo Oktoba 1979, na hadi rupia 12 mnamo Septemba 1981.

Ushelisheli, iliyojipatia uhuru mnamo 1976, ilishika njia nyingine. Nayo ilihamia SDR mnamo Novemba 1979, kwa rupia 8.32. Machi 1981 iliongeza thamani ya rupia yake, SDR ikawa rupia 7.23. Hivyo, katika muda wa miaka miwili tu, sarafu moja ilishushwa na nyingine ikapandishwa.

Bei iliyokuwa ya karatasi

Mauritius iliendelea kulegeza masharti hadi ikafuta udhibiti wa fedha za kigeni mnamo 1994. Rupia yake ilipungua thamani mwaka baada ya mwaka, lakini aliyetaka dola aliipata benki.

Ushelisheli iling'ang'ania kiwango cha juu. Mwanzoni mwa 2008 dola 1 ilikuwa rupia 8 hivi kwa bei rasmi, lakini dola zenyewe zilikuwa adimu. Wafanyabiashara walisubiri zamu, bidhaa zilipungua madukani, na soko la magendo likawa na bei yake. Watalii walitakiwa kulipia hoteli kwa fedha za kigeni.

Mwaka huo serikali ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Mnamo Novemba, kwa msaada wa IMF, iliiachilia rupia ijitafutie bei sokoni. Katika muda mfupi dola ilifika rupia 16 na zaidi. Kwa nchi inayoagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, pigo hilo lilimfikia kila mwananchi jikoni. Mshahara ulikuwa ule ule, lakini uwezo wake wa kununua bidhaa za nje ulikuwa umepungua karibu nusu.

Kwa ufupi

Rupia hizi hulinganishwa kwa kupitia fedha ya tatu: zamani pauni, kisha SDR, na sasa dola. Kwa hesabu hiyo, rupia 1 ya Ushelisheli ilikuwa sawa na rupia zifuatazo za Mauritius:

1934 hadi 1975: 1.00
Novemba 1979: 1.20
Machi 1981: 1.38
Septemba 1981: 1.66
Mwanzoni mwa 2008 (bei rasmi): karibu 3.50
Mwishoni mwa 2008: chini ya 2.00
2022 hadi 2024: zaidi kidogo ya 3.00

Tarakimu ya 2008 na ile ya miaka ya 2020 hazitofautiani sana, lakini maana zake ni mbalimbali. Ile ya kwanza iliamriwa na serikali, na wengi hawakuweza kununua dola kwa bei hiyo. Ya pili ni bei ya soko.

Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa. Rupia ya Ushelisheli haikusimama tena kwa kuachiliwa tu. Serikali ilibana matumizi, na mnamo 2009 wakopeshaji wa Klabu ya Paris waliifutia asilimia 45 ya deni walilokuwa wakiidai. Kufikia mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa imerudi hadi rupia 11 hivi.

Kwa hivyo, anayetaka kupima nguvu za sarafu asiulize tu inauzwa kwa bei gani. Aulize pia kama kwa bei hiyo inapatikana.