Simba ya 1993: safari iliyofika fainali, na somo ambalo bado hatujalishika

Novemba 1993, Rais Ali Hassan Mwinyi alikaa jukwaani katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Chini yake Simba ilikuwa ikicheza mechi ambayo hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kuifikia: marudiano ya fainali ya Kombe la CAF, dhidi ya Stella ya Abidjan. Wiki chache nyuma timu hizo zilikuwa zimetoka suluhu nchini Ivory Coast. Ushindi wowote ule, hata wa bao moja, ungelibakiza kombe Msimbazi, makao ya Simba. Dakika tisini zikaisha kwa Stella kushinda 2-0, na jina la mshambuliaji wao, Boli Zozo, likabaki midomoni mwa wapenzi wa soka wa nchi hii hadi leo.

Kombe la CAF lilikuwa changa wakati huo. Lilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya klabu zilizoshika nafasi ya pili katika ligi za nchi zao, na mshindi wa kwanza alikuwa Shooting Stars ya Nigeria, iliyoifunga Villa ya Kampala katika fainali. Hayakuwapo makundi. Ilikuwa mtoano mtupu tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho: mechi moja nyumbani, moja ugenini, anayeshindwa anafunga virago. Mabao yakilingana, lililofungwa ugenini lilikuwa na uzito zaidi.

Ukanda wetu uliingia katika mashindano hayo ukiwa na nguvu. Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1991, ikautetea mwaka 1992 kwa kuitoa Yanga kwa penalti katika fainali iliyochezwa Zanzibar. Mwaka 1993 zamu ikawa ya Yanga, iliyokwenda Kampala na kuifunga Villa mbele ya watu wake. Wachezaji wa Tanzania walikuwa wamezoea mechi za kufa na kupona.

Kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yule yule aliyefunga mabao matatu peke yake Simba ilipoipiga Yanga 6-0 Julai 19, 1977. Langoni alisimama Mohamed Mwameja. Mbele yake walikuwapo akina George Masatu, Hussein Marsha, Malota Soma na Edward Chumila. Kikosi hicho kiliitoa Ferroviário ya Maputo, kikaitoa na Manzini Wanderers ya Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, kikaingia robo fainali.

Hapo ndipo msimu ule unapostahili kusomwa kwa makini. Katika robo fainali Simba ilianzia Dar es Salaam na kuishindilia USM El Harrach ya Algeria 3-0. Ilipokwenda Algeria ilifungwa 2-0, lakini akiba ya nyumbani ikaivusha. Nusu fainali ikawa vivyo hivyo: Atlético Sport Aviação ya Angola ilifungwa 3-1 Dar es Salaam, kisha Simba ikasafiri hadi Luanda kulinda ilichovuna, ikapata suluhu. Mara mbili mfululizo timu ilishambulia kwanza, ikalinda baadaye.

Fainali iligeuza mpangilio huo. Safari hii Simba ilianzia ugenini, na suluhu ya Abidjan ikapokewa Dar es Salaam kama nusu ya kombe. Kwa hesabu za mtoano, suluhu ile ilikuwa na mtego ndani yake. Simba haikuwa na bao la ugenini, kwa hiyo sare yoyote ya mabao ingeipa Stella ubingwa. Wageni walikuja wakijua kwamba bao lao moja tu lingeidai Simba mabao mawili. Walipolipata, mzigo wote ulihamia kwa wenyeji, mbele ya uwanja uliofurika na taifa lililokwisha kujiandaa kusherehekea.

Tangu siku ile zimesemwa sababu nyingi. Wapo wanaotaja ahadi ya magari waliyopewa wachezaji, kwamba iliwatoa mchezoni. Wapo wanaonong'ona juu ya hujuma, na wapo wanaotaja ushirikina. Maneno hayo yamewaonea wachezaji wale kwa zaidi ya miaka thelathini. Yamewafanya wakumbukwe kwa mechi moja waliyoshindwa, na klabu nne walizozitoa njiani zikasahauliwa.

Tena yametufichia jambo kubwa zaidi. Tanzania ilisubiri hadi mwaka 2023 kupata fainali nyingine ya Afrika, Yanga ilipokutana na USM Alger katika Kombe la Shirikisho. Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, bao lake likiwa la Fiston Mayele, kisha ikaenda Algiers na kushinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla ikawa 2-2, kombe likaondoka kwa kanuni ile ile ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba ilirudi fainali. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, na marudiano ya Zanzibar yakaisha kwa sare ya 1-1.

Ziweke fainali hizo tatu pamoja: nyumbani tulifungwa 2-0, tukafungwa 2-1, tukatoka sare 1-1. Hakuna hata moja tuliyoshinda mbele ya watu wetu. Ugenini, kinyume chake, tulipata suluhu moja na ushindi mmoja katika safari tatu. Hata mwaka 1979, Simba ilipofungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani, ilikwenda Zambia ikashinda 5-0 na kusonga mbele.

Kwa hiyo ushujaa haujawahi kutupungukia. Tunachokosa ni namna ya kucheza fainali nyumbani: subira ya kungoja bao bila pupa, nidhamu ya kulinda lango letu kwanza, na mashabiki wanaoendelea kuimba timu inapotangulia kufungwa. Hayo hufundishwa mazoezini na kupangwa na viongozi mapema, kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Kikosi cha Kibadeni kilikuwa cha kwanza kutuonyesha kwamba klabu ya Tanzania inaweza kuvuka hatua zote za mtoano hadi mechi ya mwisho. Waliobaki wa kikosi kile waalikwe, waketi na vijana wa Simba na Yanga wa leo, wawasimulie mechi ya Abidjan na ile ya Dar es Salaam hatua kwa hatua. Fainali ya nne itakuja, na nusu yake itachezwa hapa nyumbani.