Kuiona Nyumba Kabla ya Kuinunua: Fuqahaa Walisema Nini, na Mnunuzi wa Fleti Afanye Nini

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada.

Huku kwetu Kitandililo, katika vilima vya Makambako, nyumba ya ghorofa si jambo la kila siku. Nyumba zetu ni za tofali za kuchoma na bati, na mwenye kutaka kununua huizunguka, akagusa ukuta kwa mkono wake na kuinua macho kwenye kenchi. Lakini mbao na viazi vimewapeleka watu wetu mbali. Siku moja baada ya swala ya Alasiri alinijia mzee mmoja wa jamaa zetu, mfanyabiashara wa mbao, akanionesha picha katika simu yake. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu, Dar es Salaam. Dalali alikuwa akimhimiza atume malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Akaniuliza: "Sheikh, biashara hii ni halali?"

Nilimuuliza: "Umeiona nyumba?" Akasema: "Nimeiona hapa kwenye simu." Makala haya ni jibu nililompa, nimelipanua ili ndugu zetu maimamu na wanafunzi wafaidike nalo.

Walichokishurutisha fuqahaa

Katika madh-hebu ya Imamu Shafi (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820 Miladia), kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu ambacho mmoja wa wawili hao hajakiona hakusihi. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ameeleza katika Minhaj kwamba kuona kila kitu ni kwa namna inayokifaa kitu hicho. Kitabu hiki wengi wetu tumekisoma mbele ya masheikh wetu, lakini mara nyingi tumelipita jambo hili haraka, kama kwamba halina kazi nje ya darasa.

Tukija kwenye nyumba, Nawawi katika Rawdhat at-Talibin, na baada yake Khatib Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria), wametaja moja moja yale ambayo mnunuzi hana budi kuyaona: vyumba, dari, juu ya paa, kuta kwa ndani na kwa nje, mahala pa kuogea, na shimo la maji machafu. Tazama, ndugu msomaji, upana wa orodha hii. Hawakutosheka na sebule iliyopakwa rangi. Walimpandisha mnunuzi juu ya paa, kisha wakamteremsha hadi kwenye shimo la maji machafu, kwa sababu walijua kwamba nyumba huharibiwa na maji kabla ya kitu kingine, na maji huingilia juu au chini.

Watu wa Pwani yetu waliishi na ukweli huu. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja na lisizibwe, boriti huoza ndani ya ukuta pasipo mtu kuona, mpaka siku dari inapoinama.

Maulamaa wa Kihanafi wana khabari yenye mazingatio makubwa. Imamu Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria) aliona kwamba kuuona uwanja wa ndani wa nyumba kunatosha. Mwanafunzi wake Zufar akasema hapana, ni lazima kuingia vyumbani. Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria), mwenye Hidaya, akabainisha kwamba kauli ya kwanza ilifuata hali ya majengo ya zama zao, ambapo nyumba zilikuwa hazitofautiani. Ama zama zake, ilibidi mtu aingie ndani kwa kuwa nyumba zilikuwa zimetofautiana. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyokusanywa baina ya mwaka 1869 na 1876, ikaweka kanuni kwamba kila chumba kionwe, isipokuwa vyumba vikiwa vya namna moja, hapo kimoja kinatosha.

Fundisho lake ni hili: kipimo cha kuona hufuata hali ya majengo. Jengo likibadilika, na wajibu wa kuangalia hubadilika.

Msingi usioonekana

Hapa ndipo penye uzito wa maudhui yetu. Nawawi ametaja katika Majmuu kwamba kutokuujua msingi wa nyumba ni gharari iliyosamehewa, kwa kuwa haja ipo na kuuona ni taabu. Mtu hawezi kubomoa ukuta ili autazame msingi. Baadhi ya wauzaji wanaweza kuishika kauli hii wakasema: "Mnunuzi hana haki ya kuuliza kuhusu msingi."

Huku ni kuifahamu kauli vibaya. Msamaha huo ni wa usahihi wa mkataba. Haumruhusu muuzaji kuficha anachokijua, wala haumsifu mnunuzi kwa kuzembea. Kisha sababu ya msamaha ni taabu. Nyumba ya chini ya zamani hizo haikuwa na ramani wala hesabu za nondo. Ghorofa la leo lina michoro, lina kibali cha ujenzi cha halmashauri, lina mhandisi aliyelisimamia, na zege lake linaweza kupimwa. Taabu ikipungua, na udhuru hupungua.

Na madhara nayo yamekuwa makubwa zaidi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilianguka wakati wa ukarabati, wakafa watu wawili. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo watu wakiwa madukani, na waliofariki hawakupungua 29. Allah awarehemu wote. Majengo haya yalitofautiana umri na matumizi: moja lilikuwa halijamalizika, moja lilikuwa la kale, moja lilikuwa la biashara. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwa upya wa rangi, wala kwa kusema: "Limesimama miaka yote hii."

Mwenye juu na mwenye chini

Mwenye fleti ya ghorofa ya tatu anamiliki kitu kilichobebwa na milki ya wengine. Fuqahaa walilijua hilo. Katika mlango wa Sulhu, Minhaj inazungumzia dari iliyo baina ya mwenye juu na mwenye chini, na ikiwa mshirika anaweza kulazimishwa kujenga kilichobomoka. Kauli mpya ya Shafi ni kwamba halazimishwi. Maana yake, mnunuzi asipouliza mapema ni nani atakayetengeneza paa, ngazi na mabomba, huenda akabaki na milki isiyo na wa kuitunza.

Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za jengo. Kwa sheria hiyo mtu hupata hati ya sehemu yake, na wamiliki wote wana chama kinachosimamia sehemu za pamoja. Basi mnunuzi aulize: Hati ya sehemu hii ipo? Chama kipo na kinakutana? Michango inalipwa? Paa lilitengenezwa lini? Jengo ambalo wamiliki wake hawaelewani kuhusu pampu ya maji, wataelewana vipi siku nguzo itakapopata ufa?

Kauli ya "nauza kama ilivyo"

Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza chakula, akatia mkono ndani ya lundo, ukakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa ni lundo lile lile.

Ibn Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutobeba dhamana ya kasoro. Mnunuzi akashitaki kwa Khalifa Uthman (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuijua kasoro wakati wa kuuza. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa wake. Katika madh-hebu yetu, sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji katika kasoro iliyojificha ya mnyama ambayo hakuijua. Halimwokoi katika nyumba.

Mnunuzi naye ajue kwamba akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, haki yake ya kurudisha katika madh-hebu yetu ni ya papo hapo. Akiendelea kukaa na kupangisha baada ya kujua, haki hiyo huanguka.

Mwenye ujuzi aulizwe

Katika karne ya 8 Hijria, mji wa Tunis ulikuwa na fundi mjenzi aitwaye Ibn al-Rami. Makadhi walimtuma kukagua kuta na nyumba zenye ugomvi, nao wakahukumu kwa kutegemea alichokiona. Ameacha kitabu juu ya hukumu za majengo. Kadhi hakuona haya kumuuliza fundi. Sisi tuone haya ya nini?

Kwa hiyo nilimwambia mzee wangu hivi. Kwanza, usitume pesa. Pili, ikiwa safari inakushinda, muweke wakili muaminifu atakayeona na kufunga mkataba kwa niaba yako, maana kuona kwake kunatosha. Na wakili huyo asiwe dalali. Tatu, wakili aende na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Waanzie chini: nguzo zina nyufa za mshazari? Nondo zimejitokeza na kushika kutu? Kuna ukuta uliobomolewa au ardhi iliyochimbwa ili kupanua duka? Wapande hadi paani, kwenye matangi ya maji. Waangalie dari zilizo chini ya vyoo. Wahesabu ghorofa, kisha walinganishe na idadi iliyomo katika kibali. Nne, muuzaji aandike kwa mkono wake kila kasoro anayoijua.

Alinung'unika kwamba ujira wa mhandisi ni mkubwa. Nikamwambia: ukinunua ng'ombe unamfungua mdomo ukamtazama meno, na huyo ni ng'ombe mmoja tu. Akacheka, akafanya. Mhandisi alipoteremka chini ya jengo alikuta nguzo mbili zimechongwa ili kupitisha mabomba, na muuzaji hakuwa tayari kuandika lolote. Mzee akaacha. Dalali alimlaumu kwa kupoteza bahati. Yeye akaniambia: "Sheikh, wajukuu zangu ndio wangelala mle."

Basi enyi maimamu, mlango wa khiyari usibaki darasani. Waumini wetu wananunua kwa picha za simu, na akiba ya miaka 20 huondoka kwa siku moja. Anayeuza aseme kweli na abainishe, na anayenunua afungue macho na aulize. Hapo ndipo biashara inapobarikiwa, kama alivyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.).

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.