Wawili wa Kaskazini Mashariki

Kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilikuwa nyumbani kwa Dekha Ibrahim Abdi (1964–2011). Koo zilipokuwa zikiuana mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na akina mama wenzake walianza kuzungumza kuhusu amani harusini, kisha wakaenda sokoni: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kufukuzwa. Wazee walifuata baadaye. Mwaka 2007 alipata Tuzo ya Right Livelihood.

Wa pili, Salah Farah, alikuwa mwalimu Mandera, kaunti jirani. Desemba 21, 2015, washambuliaji walisimamisha basi lake karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.