Kompyuta Iliyotoka Jaridani

Mwishoni mwa Desemba 1983, vibanda vya magazeti vya Belgrade vilipokea toleo maalumu la Galaksija, jarida la sayansi lililokuwa likisomwa Yugoslavia nzima tangu mwaka 1972. Toleo hilo liliitwa Računari u vašoj kući, yaani Kompyuta Nyumbani Kwako. Ndani yake mlikuwa na mchoro kamili wa saketi, orodha ya vipuri na maelekezo ya kuunda kompyuta nzima kwa mikono, kuanzia bodi tupu hadi neno la kwanza kwenye skrini ya televisheni. Nakala 30,000 za mwanzo zilikwisha, ikabidi mitambo ichape tena, na hatimaye jumla ikafika 100,000.

Kompyuta hiyo ilipewa jina la jarida lenyewe: Galaksija.

Kwa Watanzania wa rika la Azimio la Arusha, Yugoslavia ni nchi ya Josip Broz Tito, mmoja wa waasisi wa Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, aliyezuru Tanzania mwaka 1970. Tito alifariki Mei 1980 na kuacha nchi yenye deni kubwa la nje. Miaka mitatu baadaye kahawa na sabuni ya unga vilikuwa bidhaa za kuviziwa, na petroli iliuzwa kwa kuponi. Serikali ilibana kila mlango uliopitisha fedha za kigeni. Mmoja wa milango hiyo ulikuwa forodha, ambako mtu binafsi hakuruhusiwa kuingiza kifaa chenye thamani ya zaidi ya marki 50 za Kijerumani. Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa ZX Spectrum, kompyuta ya bei nafuu kuliko karibu zote za wakati wake, na hiyo nayo iliuzwa pauni 125. Hesabu haikukubali.

Watu walipita kichochoroni, kama kawaida. Waliokwenda Trieste, Italia, kununua suruali za jinzi walirudi na Spectrum chini ya nguo. Wenye ndugu vibaruani Ujerumani Magharibi waliagiziwa Commodore. Siku hizi kisa hiki husimuliwa Ulaya kana kwamba wakomunisti waliziogopa kompyuta, na simulizi hiyo inanoga, lakini haina mashiko. Sheria ileile ilimzuia mtu kuleta mashine ya kufulia. Msomaji aliyekuwa mtu mzima Tanzania mwaka huohuo wa 1983, mwaka wa msako wa walanguzi na foleni za sukari, hahitaji kuelezwa namna serikali inayotafuta dola inavyomtazama mwenye sanduku bandarini.

Aliyepata mwanya alikuwa Voja Antonić, fundi na mbunifu wa vifaa vya elektroniki, mzaliwa wa mwaka 1952. Kabla ya hapo alikuwa amebuni mtambo wa kupima muda katika mashindano ya kuteleza kwenye theluji, na nyumbani alikuwa na TRS-80, kompyuta ya Kimarekani. Kiangazi cha 1983 alikwenda mapumzikoni na mkewe katika mji wa Risan, kwenye ghuba ya Montenegro. Wenzake hotelini walisoma riwaya. Yeye alisoma kitabu cha maelekezo ya prosesa ya kampuni ya RCA. Humo ndimo alimopata swali lililomsumbua: je, prosesa yenyewe, bila kifaa kingine cha pembeni, inaweza kuchora picha kwenye skrini?

Swali hilo lilihusu pesa kuliko lilivyohusu sayansi. Katika kompyuta za wakati ule, sehemu iliyokuwa ghali na ngumu kupatikana ndiyo iliyoshughulikia picha. Spectrum ilikuwa na chipu yake maalumu kwa kazi hiyo, na Commodore 64 ilikuwa na yake. Hakuna duka lililouza chipu kama hizo kwa mtu wa kawaida. Prosesa, kumbukumbu na chipu ndogondogo za kawaida zilikuwa jambo jingine. Moja moja zilikuwa bidhaa ndogo, zisizovuka kiwango cha forodha, na ziliweza kuja kwa posta.

Antonić alichagua Z80, prosesa ya kampuni ya Zilog iliyokuwa imeenea dunia nzima. Z80 ina tabia moja ambayo wabunifu wake waliiweka kwa sababu nyingine kabisa. Aina fulani ya kumbukumbu husahau kilichoandikwa ndani yake isipoguswaguswa kila baada ya muda mfupi sana, kwa hiyo kila Z80 inapomaliza kuchukua amri moja hutaja anwani ya sehemu ya kumbukumbu inayopaswa kuguswa, kisha huongeza moja, na kadhalika bila kukoma. Kompyuta ya Antonić ilitumia kumbukumbu ya aina nyingine, isiyosahau, hivyo kuhesabu huko kulikuwa kazi ya bure. Yeye akaitafutia matumizi. Aliifanya hesabu hiyo ipite kwenye herufi zilizohifadhiwa kwa ajili ya skrini, moja baada ya nyingine, na kila herufi ikapelekwa kwenye chipu yenye maumbo ya alfabeti, kisha ikatoka kama vitone vyeupe na vyeusi kuelekea televisheni. Picha ikapatikana karibu bure.

Wazo hilo halikuwa geni kabisa, kwani ZX80 ya Sinclair ya mwaka 1980 nayo iliitumikisha prosesa kuchora skrini. Na lilikuwa na gharama yake. Wakati picha inachorwa, prosesa haikuwa na nafasi ya kufanya hesabu nyingine. Mahesabu yalisubiri ule muda mfupi ambapo televisheni inarudisha mwale wake juu. Mashine ikawa nzito. Lakini mtu aliyetaka kujifunza kompyuta alikuwa akilinganisha mashine nzito na kukosa mashine kabisa.

Programu ya ndani ilihitaji ubahili wa aina hiyohiyo. Antonić alianza na lugha ya BASIC ya TRS-80, akaipunguza na kuibadilisha hadi ikatosha, pamoja na amri za kuchora skrini, ndani ya kilobaiti 4. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 katika umbo la msingi, na ndani ya hizo nusu kilobaiti ilichukuliwa na skrini ya mistari 16 yenye herufi 32 kila mmoja. Mtumiaji alipewa vigezo 26 vya namba, A mpaka Z, na vigezo viwili tu vya maneno. Ujumbe wa makosa nao ulibana matumizi. Ukiandika amri isiyoeleweka, mashine iliuliza kwa Kiingereza “WHAT?”, nini? Ukiipa hesabu isiyowezekana iliuliza “HOW?”, vipi? Kumbukumbu ikijaa, ilisema “SORRY”, samahani, na kunyamaza. Watu walioanza na Galaksija wakiwa vijana huweza kusahau amri zote, lakini si samahani hiyo.

Sehemu inayostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni bodi. Kampuni za kompyuta hutumia bodi zenye njia za shaba pande zote mbili, na mara nyingi tabaka nyingine katikati, kwa sababu nyaya nyingi lazima zipishane. Bodi za namna hiyo huhitaji kiwanda. Bodi ya Galaksija ilikuwa na shaba upande mmoja tu. Pale njia mbili zilipolazimika kuvukana, muundaji alikata kipande cha waya, akakikunja kama daraja na kukilehemu juu. Madaraja yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa nafasi ya kukosea. Hata hivyo bodi ya upande mmoja iliweza kutengenezwa na karakana ndogo, hata na mtu binafsi mwenye dawa ya kuyeyusha shaba na beseni. Kasha halikuwamo kabisa kwenye vipuri. Maelekezo yalimfundisha msomaji kulikata kutoka kwenye vipande vya bodi tupu na kuviunga kwa lehemu. Hapo ndipo ubunifu wa Antonić unapozidi ule wa wahandisi wengi waliokuwa na bajeti kubwa: kila uamuzi ulimtazama mtu mwenye pasi ya kulehemu moja, meza ya jikoni na duka la vipuri lisilo na kitu.

Michoro kabatini haimsaidii mtu. Rafiki wa pamoja alimkutanisha Antonić na Dejan Ristanović, kijana aliyekuwa akiandika kuhusu kompyuta katika Galaksija, ambaye ndiye aliyeshika usukani wa toleo maalumu. Maandalizi hayakuishia kwenye karatasi. Bodi na kibodi zilitafutiwa mtengenezaji katika mji mdogo wa Buje, Istria, na chipu zikapangwa ziagizwe kutoka kwa muuzaji wa Graz, Austria. Waandaaji walibishana ni watu wangapi watathubutu kuagiza. Waliokuwa na matumaini makubwa walitaja mamia, labda elfu. Maagizo yalipita 8,000.

Mtu wa Marekani angesema hili limeshaonekana, na angekuwa na haki. Januari 1975 jarida la Popular Electronics liliweka kwenye jalada kompyuta ya Altair 8800, iliyouzwa kama vipuri vya kuunganisha kwa karibu dola 400, na kutoka hapo vikazaliwa vilabu vya wapenzi wa kompyuta huko California. Tofauti ni kwamba Altair ilikuwa bidhaa ya kampuni moja, na jarida lilikuwa dirisha la duka lake. Mchoro wa Galaksija ulitolewa wote hadharani, na aliyeweza kupata vipuri kwa njia zake mwenyewe hakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Kompyuta bila programu ni joto tu, na hapa redio ikaingia. Katika Radio Beograd 202 kulikuwa na kipindi kiitwacho Ventilator 202, kilichoongozwa na Zoran Modli, mtangazaji aliyekuwa pia rubani wa ndege za abiria. Kompyuta za nyumbani za wakati ule zilihifadhi programu kwenye kaseti za kawaida, zikiwa sauti. Kama programu ni sauti, basi inaweza kurushwa hewani. Modli alimtangazia msikilizaji aandae kaseti, kisha redio ikatoa mlio mkali wa kukwaruza, kama nzige waliofungiwa kwenye debe. Galaksija ilisoma biti 280 kwa sekunde, kwa hiyo kilobaiti moja ilikula karibu nusu dakika. Programu ya kujaza kumbukumbu ya msingi ilimalizika kabla wimbo wa kawaida haujafika kwenye kiitikio cha pili. Programu kubwa za Spectrum, ambazo nazo zilirushwa, ziliweza kuchukua dakika kadhaa. Msikilizaji alirekodi, akaunganisha kinasa sauti na kompyuta, akarekebisha sauti isizidi wala isipungue, akasubiri. Mawimbi yakikatika kidogo tu, kazi yote ilipotea.

Shirika la NOS la Uholanzi lilikuwa limeanza kurusha programu hivyo mapema zaidi, katika kipindi cha Hobbyscoop. Cha Belgrade kilichonoga ni mzunguko wake: wasikilizaji waliandika programu, wakazituma kituoni kwa kaseti, zikarushwa, wengine wakazirekodi, wakazirekebisha na kuzituma tena. Karibu programu 150 zilipita hewani kwa njia hiyo, zikiwemo za michezo na za masomo. Mtu asiye na kompyuta, akiwa jikoni kwake, alipata kelele, na ni vigumu kutomwonea huruma.

Mafanikio yalivuta viwanda. Taasisi ya serikali ya vitabu vya kiada ilishirikiana na kampuni ya elektroniki kuunda Galaksija kamili, hasa kwa ajili ya shule, na ikafuata Galaksija Plus yenye kilobaiti 48, picha bora na sauti. Wakati huohuo Varaždin, Kroatia, ilitoa kompyuta zake, Galeb na kisha Orao, na Niš ikatoa Pecom. Lakini tayari mwaka 1984 majarida mapya kama Svet kompjutera yalikuwa yakiandika zaidi kuhusu Spectrum na Commodore 64, kwa sababu ndizo zilizokuwa na michezo. Masharti ya forodha yalipolegea, aliyetaka kucheza hakuwa na sababu ya kulehemu. Galaksija ilibaki kwa waliotaka kujua kompyuta inafanyaje kazi, kundi ambalo daima ni dogo.

Vita na vikwazo vya miaka ya tisini vilifunika mengi. Mwaka 1995 Antonić alitupa mifano yake ya mwanzo ya kompyuta hiyo, akiona haina kazi tena. Mmoja ulionusurika sasa uko katika Jumba la Makumbusho la Sayansi na Teknolojia la Belgrade. Yeye mwenyewe baadaye alihamia Pasadena, California, ambako aliendelea kubuni vifaa vya elektroniki.

Katika miaka ya karibuni bodi za Galaksija zimeanza kuchapishwa upya, zikiuzwa pamoja na vipuri kwa wapenzi wa kompyuta za zamani. Aprili 2024 Zilog, iliyoitoa Z80 kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ilitangaza kusitisha utengenezaji wake na kutoa muda hadi katikati ya Juni kwa maagizo ya mwisho. Anayetaka kuunda Galaksija leo bado ana chaguo, kwani chipu za zamani zimejaa kwa wauzaji wa mitumba. Miongoni mwazo imo U880, nakala ya Z80 iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki, ambayo miguu yake inaingia kwenye soketi ileile bila kubadilisha waya hata mmoja.